Pimbi na Menyu ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi ambazo wanyama walivaa tai na kuzunguka na bahasha kutafuta kazi, Pimbi alikuwa na digrii, njaa, na viatu vilivyochoka kupanda ngazi za ofisi ya Kiboko.

Kiboko alikuwa mkurugenzi wa maji ya mto mzima. Maombi yote ya kazi yalikuwa kwenye kompyuta yake, na hakuna amri iliyopita mpaka aiguse skrini kwa pua lake. Pua la mwingine mashine haikulitambua.

"Binti, experience iko wapi?" Kiboko akauliza, puuu, akipuliza maji.

"Nitaipata wapi, mzee, na hamniajiri?"

"Usinijibu kisomi. Kwanza menyu yangu haina Ajiri. Ona mwenyewe."

Kweli. Juu kabisa ya orodha ile ya amri kwenye skrini ilikaa Kataa. Menyu ile ilijifanya ina akili: ulichokitumia sana ilikipandisha, usichokigusa ilikificha nyuma ya kimshale.

"Juzi imenificha Chapa," Kiboko akalalamika. "Wewe si graduate? Nitengenezee bure, upate hiyo experience. Nikirudi nakukataa rasmi, uwahi nyumbani."

Jua lilishakuwa kali, na ngozi ya kiboko haiwezi jua. Akaenda kulowa mtoni, chubwi, mashine akaiacha wazi.

Bure! Pimbi akameza hasira. Akabofya kimshale, akaipata Chapa, akairudisha. Halafu huko chini kabisa akaiona Ajiri, haijaguswa tangu izaliwe.

Akaibofya, ka. Mashine ikadai pua la mkubwa. Akaghairi. Ka, akaghairi. Ka-ka-ka, mpaka vidole vikafa ganzi, na Ajiri ikapanda, ikapanda, ikakaa kileleni. Kataa ikashuka ikamezwa na kimshale.

Kiboko akarudi akichuruzika matope. "Umemaliza? Very good. Haya, ombi la Pimbi hili hapa."

Miaka yote amri ya kwanza ilikuwa Kataa. Asome ya nini? Akabandika pua juu kabisa, paf.

Printa ikanguruma, grrr, ikatema barua: Pimbi ameajiriwa, kazi ya kudumu. Chini yake, alama ya pua la Kiboko.

"Hii nini? Kataa imeenda wapi? Basi Fukuza. Fukuza iko wapi?"

"Imefichwa, mzee. Hujawahi kuajiri mtu, ungemfukuza nani?"

"Nionyeshe ilipo."

Pimbi akaikunja barua, akaitia kifuani. "Hiyo sasa ni kazi, boss. Na mimi naanza Jumatatu."

Nami naishia hapo mlangoni pa ofisi, wadogo zangu, na funzo ni hili: ukizoea kukataa bila kusoma, siku moja utakubali bila kusoma.