Mto Uitwao Makambako

Mjuzi akikosea, mjulie hali. Mmenisikia nikiyasema maneno hayo jikoni mlipokuwa mnamcheka shangazi yenu kwa pilau iliyozidi chumvi. Shangazi yenu nimekwisha kuzungumza naye, na aliyoniambia ni yake na yangu. Lakini mmeniuliza methali hii imetoka wapi, maana shuleni hamkufundishwa. Ni kweli, haimo vitabuni. Ilizaliwa siku ambayo mimi nilikuwepo, nimekaa ubavuni mwa babu yenu kwenye kochi lile lile mlilokalia, na ilizaliwa hivi.

Babu yenu Hilali alipoacha kazi ya reli hapa Tabora, alipata ugonjwa wa kukaa bure. Mchana kutwa alizunguka nyumba akitafuta kitasa cha kukaza. Ndipo mpwa wake alipomwingiza katika kundi moja la WhatsApp liitwalo Bongo Zichemke. Ni kundi la watu wasiojuana kwa sura, waliotawanyika kila mkoa, ambao kila Jumapili baada ya swala ya alasiri walikutana humo kuulizana maswali. Miji mikuu, mito, wafalme wa kale, wanyama, mifupa ya mwilini, chochote. Hakukuwa na zawadi. Mtu alifurahi kujua, na akafurahi zaidi kujua kabla ya mwenzake. Haikupita muda babu yenu akafanywa mwulizaji, na kazi hiyo aliifanya kama alivyofanya ya reli: saa ni saa, kanuni ni kanuni. Swali likitoka, alianza kuhesabu kwa sauti hapa sebuleni kana kwamba watu wa Bukoba na Lindi wanamsikia.

Katika kundi lile walikuwepo wanawake wawili waliowaacha wengine mbali. Wa kwanza ni Bi Leokadia Mgaya wa Njombe. Alikuwa amestaafu kazi ya kupanga barua posta, na dunia aliijua kwa mihuri ya bahasha. Ukimtajia nchi, alikutajia mji; ukimtajia mji, alikutajia mto unaopita hapo. Mumewe alikuwa amefariki na watoto walikuwa mbali, akaishi peke yake. Wa pili ni Mastura Shekiondo, fundi cherehani wa Lushoto, mdogo kwake kwa umri, mwepesi wa kidole na wa ulimi. Kila mwaka kundi lilifanya fainali, na kila mwaka waliobaki ni hao wawili, na kila mwaka Leokadia alishinda. Mastura alipongeza, lakini alipongeza kwa neno moja tu, kisha hakuonekana kundini mpaka Jumapili nyingine. Uchungu wa kuwa wa pili kila siku mnaujua ninyi wenye ndugu.

Mwaka huo fainali iliangukia mwezi wa saba. Huku kwetu palikuwa na jua na vumbi. Njombe, kama mnavyosikia, mwezi huo baridi huingia hadi kwenye mifupa, na siku hiyo kulikuwa na manyunyu pia. Babu yenu alivaa shati lililopigwa pasi, ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa mimi.

Utaratibu wa fainali ulikuwa kwamba kila mmoja anaulizwa kwa zamu yake, na wanakundi wengine hawaruhusiwi kujibu. Mwanzo ulikwenda kama miaka yote. Leokadia aliulizwa mji mkuu wa Burkina Faso, akajibu kabla babu yenu hajaanza kuhesabu. Mastura naye hakukosa. Wakaenda bega kwa bega, na watazamaji wakamwaga vikaragosi vya kupiga makofi.

Kisha Leokadia akaulizwa ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Alikawia. Akajibu, "Nyasa."

"Tanganyika!" babu yenu akasema kwa mshangao, akinigeukia. "Leokadia amekosa Tanganyika?"

Kundi lililipuka. Kwa mara ya kwanza Mastura alikuwa mbele. Akaulizwa swali lake, akalipata. Zamu ikarudi kwa Leokadia: Mto Ruaha Mkuu humwaga maji yake katika mto upi? Hilo ni swali la mtoto wa shule, tena mtu wa nyanda zile za juu angelijibu hata akiwa usingizini.

Akakawia tena. Jibu likaja: "Makambako."

Makambako ni mji, wajukuu zangu, wala hakuna mto wa jina hilo. Watu walicheka mpaka simu ikawa inatikisika mezani. Mmoja aitwaye Kaizilege wa Mwanza, mtu wa maneno mengi, akaandika, "Jamani, naomba kuvuliwa samaki wa Mto Makambako!" Babu yenu mwenyewe alitabasamu. Mimi nilitazama lile neno nikaona halikukaa vizuri, lakini sikujua kwa nini.

Mastura akajibu swali lake. Sasa babu yenu akampa Leokadia swali jepesi, nadhani kwa huruma: Lilongwe ni mji mkuu wa nchi gani?

Leokadia akajibu, "Ndiyo."

Wakacheka tena, ila si wote. Kaizilege akaandika kwamba bingwa amechoka, avuliwe taji. Babu yenu akakohoa, akaandika swali la mwisho la Mastura. Akilipata, fainali imekwisha na ubingwa ni wake. Swali lilikuwa: kisiwa kikubwa kuliko vyote barani Afrika ni kipi?

Mastura alilijua jibu. Hakuna asiyelijua. Babu yenu akaanza kuhesabu. Kule juu ya kioo cha simu tuliona Mastura anaandika, akaacha, akaandika tena. Ujumbe ulipotoka, haukuwa Madagaska.

"Dada Leo, hujambo?"

"Mastura, jibu swali," babu yenu akaandika. "Muda wako unakwisha."

"Shikamoo mzee Hilali. Nisamehe. Dada Leo, nijibu mimi. Hujambo?"

"Huu ni uchezaji gani?" akaandika Kaizilege. "Ushindi umeletewa mkononi, unaukimbia?"

"Muda umekwisha," babu yenu akasema, kidole kikiwa tayari kuandika kwamba Mastura amekosa. Nikamshika mkono. "Hilali, ngoja," nikamwambia.

Ndipo ukaja ujumbe wa sauti wa Leokadia. Babu yenu akaubonyeza, tukausikia sote wawili. Sauti ile tuliizoea, sauti kavu ya mtu wa ofisi, kila neno limesimama peke yake. Siku hiyo maneno yalikuwa yanaburuzika kama ya mtu aliyeshikilia tonge mdomoni. Alisema, "Sijambo… baridi tu. Nimeingiza jiko ndani. Kichwa kinagonga… Endeleeni. Ruaha… ndiyo."

Basi.

Mastura ni mtu wa Lushoto. Kule nako ni baridi, na watu wa baridi wanalijua jiko la mkaa kama watu wa ziwani wanavyomjua mamba. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwanza kichwa huuma, kisha akili hupotea, kisha mtu hulala, na anayelala hapo haamki. Ujumbe wake wa sauti uliofuata ulikuwa ukelele. "Dada Leo, toka nje! Acha simu, usikusanye kitu, toka nje sasa hivi! Hilo jiko litakuua! Dada Leo!"

Tukatazama juu ya kioo tuone kama Leokadia anaandika. Hapakutokea kitu. Leokadia hakuusikia.

Babu yenu akasimama, simu mkononi, uso umembadilika. Akampigia Leokadia. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, akaambiwa namba inatumika. Kumbe Mastura naye alikuwa anapiga. Hapo babu yenu aliyafanya mambo kama mtu wa reli aliyeona treni mbili katika njia moja. Aliandika kwa herufi kubwa: "FAINALI IMESIMAMA. NANI ANA MTU NJOMBE MJINI? WENGINE KIMYA."

Kundi zima likanyamaza. Na katika kimya kile tulifahamu jambo la aibu: miaka yote hiyo tulimwuliza yule mwanamke miji ya dunia nzima, na hakuna aliyewahi kumwuliza nyumba yake iko wapi.

Akajitokeza kijana mmoja, Obadia Mwalongo, aliyekuwa akifanya kazi Kahama. "Mimi ni wa Njombe, mzee. Dada yangu Sayuni yuko pale sokoni. Lakini aende wapi?"

"Nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa," Mastura akajibu. "Aliwahi kuniambia akilalamikia kelele za madebe. Aulize Mama Posta, ndivyo majirani wanavyomwita."

Obadia akamwunganisha dada yake na babu yenu katika simu moja. Tulimsikia Sayuni akihema, mvua ikigonga mwavuli, kisha pikipiki ikinguruma. Babu yenu aliweka simu mezani na sauti kubwa, akawa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Mimi nilikuwa nasoma Yasin kimoyomoyo. Kila Sayuni alipouliza njia na mtu kumjibu polepole kama kawaida, nilitamani kumpigia kelele mtu yule.

"Nimefika kituo cha maziwa," akasema Sayuni. "Wananionyesha nyumba. Ile yenye bati jekundu." Tukasikia miguu kwenye tope. Kisha akabisha. "Hodi! Mama Posta! Hodi humu!" Akabisha kwa kiganja. "Mzee, mlango umefungwa kwa ndani. Madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa."

"Sikiliza," babu yenu akasema. "Unasikia nini ndani?"

Akajibu, "Nasikia simu inaita."

Ilikuwa simu ya Mastura. Alikuwa hajaacha kupiga.

"Vunja mlango," babu yenu akasema.

"Mzee, nyumba ya watu? Mimi simjui huyu mama. Labda ametoka, ameisahau simu. Nikivunja wakanikamata?"

"Mwanangu, naitwa Hilali Mfaume, niko Tabora. Wakikukamata, waambie mimi ndiye niliyekutuma, lawama ni yangu. Vunja!"

Sayuni akapiga yowe, na watu wa maziwa wakaja mbio. Tulisikia chuma kikigonga mbao, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha mpasuko, kisha watu wakikohoa na mmoja akisema, "Toeni jiko! Fungueni madirisha!" Halafu simu ikawa kama imeangushwa chini. Tulisikia mvua peke yake.

"Sayuni," babu yenu akaita. "Sayuni! Anapumua?"

Nilimwona babu yenu akiketi, yeye ambaye hakuketi hata siku mama yake alipokuwa akikata roho. Obadia, kule Kahama, alikuwa analia wazi.

"Tumemlaza nje," sauti ya Sayuni ikarudi, iko mbali. "Alikuwa sakafuni karibu na mlango. Sijui… subirini… jamani mpisheni apate hewa… Anapumua! Mzee, anapumua! Wanamtia kwenye gari la maziwa, tunakwenda hospitali."

Babu yenu akaitikia "haya, haya," kisha akainuka akaenda uani. Nilimwacha huko.

Leokadia alipona, alhamdulillahi. Lakini sitawadanganya kwamba alipona kama alivyokuwa. Ile hewa ilimwibia vitu. Aliweza kupika, kutembea na kumtambua kila mtu, ila majina ya miji yalimkimbia. Mastura alifunga cherehani yake akasafiri kutoka Lushoto hadi Njombe, wakaonana kwa mara ya kwanza, akakaa naye mpaka mwana mmoja wa Leokadia aliporudi kuishi na mama yake. Fainali ile haikumaliziwa. Babu yenu alimpa Mastura ubingwa, akaukataa.

Siku moja babu yenu alimwuliza kwenye simu, "Mwanangu, sisi sote tulicheka. Wewe uliyekuwa unashinda, ulitambuaje?"

Mastura akasema, "Baba, sitaki unisifu bure. Alipokosa Tanganyika, nilifurahi. Alipotaja Makambako, nilifurahi pia, lakini furaha ikanikwama. Yule namjua. Miaka yote nimekuwa nikimvizia akosee, kwa hiyo najua makosa asiyoweza kuyafanya. Mgeni wa jambo akikosea, mfundishe. Mjuzi akikosea, mjulie hali."

Babu yenu aliyarudia maneno hayo kundini, na wanakundi wakayapeleka makwao. Ndivyo yalivyofika jikoni kwetu, na leo nayasikia hata kwa watu wasiolijua kundi lile.

Leokadia alikawia sana kurudi kwenye maswali. Jumapili aliyorudi, babu yenu alimwuliza jambo jepesi, akakosa. Hakuna aliyecheka. Badala yake kioo kilijaa, watu wa kila mkoa, Kaizilege akiwa wa kwanza: "Hujambo, dada?" "Hujambo?" "Hujambo, mama?"

Akajibu baada ya muda, na safari hiyo kila neno lilikuwa limesimama: "Sijambo, ndugu zangu. Madirisha yako wazi. Hili swali silijui tu."

Basi ndiyo asili yake. Asiyejua akikosea, ni kawaida, mwelekeze mwende zenu. Lakini aliyezoea kupatia akianza kukosa, weka kicheko kando na umsogelee, kwa kuwa huenda kosa lile ndilo sauti pekee aliyobaki nayo ya kukuita. Mjuzi akikosea, wajukuu zangu, mjulie hali.