Siku Nuhu Alipozikwa Kairo

Msiba haufichwi kwapani. Mmemsikia shangazi yenu akiisema methali hii leo, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilitoka kwa watu wa nyumbani kwetu Kondoa, baba na mama yangu, siku yao ya kwanza katika nchi ya watu, na ilianza hivi.

Kaka yangu Nuhu alikuwa akisomea udaktari Kairo. Mama hakutaka aende. Alisema hata akisoma Dar es Salaam atakuwa daktari vilevile, na akiugua atauguzwa na watu wake. Baba ndiye aliyeng'ang'ania. Mwaka wa tatu ikaja simu ya maandishi kwamba Nuhu yu mahututi, figo zimemharibikia. Ndugu wakahangaika huku na huko mpaka wazee wangu wakapata pasipoti na tiketi. Mimi nilibaki na wadogo zangu, nikiwa na miaka kumi na sita.

Walitua alfajiri. Uwanjani wakakawizwa, kwa sababu baba aliandika jina la babu mahali palipotakiwa jina la mji, na Kiarabu alichokijua kilikuwa cha kwenye msahafu tu. Walisimamishwa kwenye dirisha hili, wakarudishwa lile. Mama miguu ilimvimba, akavua viatu akavishika mkononi. Walipotoka nje jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Nje alikuwa akiwasubiri Bwana Makame, mwalimu mmoja wa Kipemba aliyekaa mji ule miaka mingi na ambaye Nuhu alizoea kumtaja katika barua zake. Aliwaamkia kwa heshima, akamketisha mama kwenye benchi karibu na mizigo, kisha akamvuta baba pembeni. Akamweleza kwamba Nuhu alifariki jana yake magharibi. Alikuwa amekwisha kuoshwa, na angeswaliwa baada ya adhuhuri.

"Twende hospitali sasa hivi, mzee," alisema. "Mama amwone kabla hajafunikwa."

Baba akageuka kumtazama mama. Alikuwa ameinama, anajikanda miguu.

"Ana presha," baba akasema. "Hajala, hajalala. Nikimwambia hapa ataanguka. Apumzike kwanza."

Makame akamsihi tena. Baba akashika lake. Mama alipouliza walikuwa wanazungumza nini, akaambiwa kwamba hospitali za huku wagonjwa huonwa jioni.

Presha ilikuwa ya kweli, msidhani alizua. Lakini uzeeni mwake baba aliniambia kuwa haikuwa presha peke yake. Aliyaogopa macho ya mama. Yeye ndiye aliyemtoa mtoto nyumbani, na hakujua angesimama vipi mbele ya mwanamke aliyemkataza.

Makame aliwapangia chumba ghorofa ya tatu, kwa mama mmoja mjane. Baba akamwambia mama alale kidogo, yeye anakwenda kufuatilia karatasi za hospitali. Akatoka.

Mama hakulala. Alifungua furushi lake, akatoa unga wa ulezi na asali aliyotoka nayo nyumbani, akashuka jikoni. Yeye na mwenye nyumba hawakuelewana hata neno moja, ila mama alipoweka kiganja kifuani kisha akakishusha usawa wa magoti, kama anayepima kimo cha mtoto, yule mjane alimwachia jiko. Akakoroga uji, akautia ndani ya chupa ya chai. Akaoga, akavaa kanga mpya, akaketi dirishani na ile chupa mapajani, akingoja jioni. Adhuhuri ilipoadhiniwa aliswali, akamwomba Mungu amponye mwanawe.

Wakati huohuo, mitaa michache kutoka pale, baba alikuwa amesimama safu ya mbele, na Nuhu amelazwa mbele yake.

Baba alirudi alasiri. Hospitali walimpa sweta ya Nuhu, sweta ya kahawia ambayo mama aliifuma kwa mikono yake na kumpelekea kwa ajili ya baridi. Hakuweza kumwachia Makame. Aliikunja, akaibana kwapani ndani ya koti, akapanda ngazi bila kujua angeanza na neno gani. Suruali yake ilikuwa na vumbi jeupe mpaka magotini.

Mama akainuka na chupa yake. "Muda umefika?"

Baba akazidi kuubana mkono wake ubavuni.

"Umebana nini hapo, Baba Nuhu?"

"Nguo tu."

Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umechomoza chini ya koti. Mama akaushika, akauvuta taratibu mpaka sweta yote ikatoka. Akaigeuza ndani nje, akatazama mshono wake mwenyewe. Kisha akayatazama magoti ya baba.

"Mmeshamzika?"

"Tumeshamzika."

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu uwanjani. Nilitaka kwanza upumzike."

"Nimepumzika," mama akasema. "Nimekuja mpaka huku kumwona mwanangu, nikakaa hapa kumkorogea uji, nawe unamzika. Msiba haufichwi kwapani, Baba Nuhu. Ungenipa nami nishike upande wangu."

Hakuanguka. Hakupiga kelele. Aliomba apelekwe. Makame akawachukua kabla jua halijazama, mama akakaa kando ya kaburi hadi mlinzi alipokuja kufunga lango. Ule uji aliunywa yule mjane, asubuhi yake, kwa sababu mama hakutaka umwagwe.

Waliporudi Kondoa, mama hakumlaumu baba mbele ya watu hata siku moja. Lakini uso wa Nuhu aliokuwa nao kichwani ulibaki ule wa kijana aliyepanda basi na sanduku la bati. Mara kwa mara, akiwa kwenye shughuli zake, aliniuliza kama nadhani Nuhu alikuwa amekonda sana. Mimi sikujua. Aliyejua alikuwa baba, na mama hakumwuliza.

Ikapita miaka tisa. Baba akaanza kukohoa, akaenda peke yake kupimwa Dodoma. Daktari alimweleza kuwa ugonjwa umeshatapakaa, hana muda mrefu. Mimi nilikuwa ukumbini aliporudi. Alinipita bila salamu, akaenda moja kwa moja jikoni alikokuwa mama, akaketi kwenye kigoda na viatu vyake miguuni.

"Mama Nuhu," alimwambia, "acha hiyo sufuria uje ukae hapa. Leo nimeambiwa neno, na wewe ndiye wa kwanza kulisikia. Msiba haufichwi kwapani."