Moto wa Kilima cha Tano

Moto wa njiani ni baridi ya mbele. Asubuhi hii mmemsikia babu yenu akiisema tena pale mlangoni, jembe begani, baada ya kukataa kigoda nilichomsogezea mekoni. Mmecheka, kisha mkaniuliza ameitoa wapi. Haya, wekeni chini visu na viazi vyenu, maana mkizubaa mtajikata.

Methali hii ilianza hivi.

Nilipokuwa msichana, kila mwezi wa saba huku kwetu Njombe palikuwa na mbio za vilima saba. Mwezi wa saba mnaujua wenyewe: sakitu, ule umande ulioganda, hulala juu ya majani mpaka jua lipande, na ukungu hauna haraka ya kuondoka. Wakimbiaji walianzia kanisani bondeni, wakapanda na kushuka mpaka shuleni juu ya kilima cha saba. Mwaka ule lilitoka tangazo kwamba mshindi, mmoja tu, atachukuliwa kwenda kambi ya wakimbiaji Arusha.

Babu yenu, Ezekia Nyagawa, alikuwa na miaka ishirini, na hakutaka kitu kingine duniani. Alikimbia kwenda shambani, alikimbia kurudi, na watu walimwona kichaa. Mama yake alikuwa ameshamfungia nguo za safari katika kitenge.

Sasa, wazee wetu walikuwa na desturi yao. Siku ya mbio, kwenye kila kilima nyumba moja iliwasha moto kando ya njia, mkimbiaji asije akafa na baridi. Na kuupita moto wa watu bila kuunyooshea mikono ilikuwa dharau, sawa na kukataa salamu. Kilima cha tano kilikuwa zamu ya nyumba yetu, na baba akanituma mimi.

Nilikaa pale ndani ya ukungu, nisiione hata njia yenyewe. Kengele ya ng'ombe ililia mahali fulani, ikanyamaza. Halafu nikasikia nyayo za mtu mmoja, zikija polepole kutoka chini, kama za mtu anayekuja katika ndoto. Ukungu ukafunguka, Ezekia akatokea, mvuke ukimtoka mabegani. Alikuwa peke yake. Wenzake walikuwa kilima kizima nyuma.

"Kamwene, dada," akasema.

"Kamwene. Karibu moto."

Alisimama, akanyoosha mikono. Hapo ningemwacha aende zake. Lakini nilikuwa nimemwona sokoni mara tatu, na mara zote tatu yeye hakuniona. Moyo wa msichana nao una ujinga wake.

"Keti kidogo, kaka. Nyuma hakuna mtu."

Aligeuka akasikiliza. Kimya. "Kidogo tu," akasema.

Akaketi. Nilimpa uji katika kikombe cha mwanzi. Ukungu ulitufunga pande zote, dunia ikabaki ukubwa wa mkeka, na ndani yake tulikuwa sisi wawili na moto. Alinisimulia juu ya Arusha, mji ambao hakuwahi kufika, na jinsi atakavyokimbia huko kwenye njia tambarare kama meza. Akafumba macho. Nilitamani asiyafumbue, na nilijua kabisa kwamba ninatamani vibaya.

Ndipo Otmari Mligo akatokea. Huyu alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mbebaji wa magunia ya pareto, na hakuna aliyemhesabu miongoni mwa washindi. Alitupita mbio, mikono yote miwili ameinyoosha kwenye moto wetu, miguu haikusimama hata mara moja.

"Kamwene, wenye moto! Nimeota, asanteni!"

Ukungu ukammeza.

Ezekia aliruka, akaanguka. Jasho lilikuwa limempoa mwilini, na miguu imekauka. "Dada," akaniambia, "miguu hii si yangu." Nilimwinua. Akakipanda kilima cha sita kama mzee wa miaka themanini, na wengine wawili wakampita. Otmari ndiye aliyekwenda Arusha.

Baada ya siku mbili Ezekia alikuja kwetu. Nilijua amekuja kunishtaki, nikajificha nyuma ya ghala. Baba akamuuliza, "Kijana, ilikuwaje ukashindwa nawe ulikuwa mbele?"

Akajibu bila hasira, "Mzee, moto wa njiani ni baridi ya mbele."

Baba alicheka sana. Akaipeleka kilabuni, na kufikia Jumapili vilima vyote saba vilikuwa vinaisema. Mimi sikucheka. Nililia kule ghalani, kwa sababu Ezekia hakusema moto ule ulikuwa wa nani. Hajamwambia mtu mpaka leo. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia, na mnaisikia kutoka kwangu.

Mwaka uliofuata alinioa. Asubuhi ya kwanza nilimsogezea kigoda, akakataa, akachukua jembe. Nikasema moyoni, haya, nitalipa maisha yangu yote. Lakini jioni alirudi, akatundika jembe ukutani, akavuta kigoda mwenyewe mpaka ubavuni pangu.

"Moto wangu huuogopi?" nikamuuliza.

"Huu si wa njiani," akasema. "Hapa nimefika."

Mwangalieni leo jioni. Atakaa pale, amenyoosha miguu ile ile, mpaka makaa yawe majivu. Lakini asubuhi, wajukuu zangu, kazi ikiwa bado iko mbele, msimbembeleze kukaa, nami nitajaribu kuacha. Moto wa njiani ni baridi ya mbele.