Jembe la Siku ya Tatu

Hapo zamani, wala msiniulize zamani ya lini, kwani mimi hata umri wangu nakisia tu, mfalme Mwinyi Shekuwe wa Mtangamoyo alitunga kitabu kipya cha sheria. Ukurasa wa mwisho ulisema: “Sheria ya wazee ambayo hatukuifuta kwa jina lake, ingali hai.” Aliandika hivyo kwa uvivu, maana sheria za kale zilikuwa tele na mkono wake umechoka.

Basi ikawa mfalme ataka kupanua banda la farasi wake, na kando ya banda pana kibanda cha Kibwana Chakupewa, fukara ambaye mlango wake ulikuwa mkeka uliotundikwa. Kadhi akapekua makaratasi ya kale, akaibuka na vumbi puani na sheria mkononi: “Asiye na mlango hana nyumba, na kiwanja chake ni cha mfalme.”

Chakupewa akaitwa barazani. Yeye alikuwa na desturi ya kujicheka mwenyewe kabla watu hawajaanza. “Maulana,” akasema, “kumbe miaka ishirini nalala nje na sijui! Ndiyo maana mvua ikinyesha nalowa. Ila moyo waniuma, kwani mke wangu Mwanaesha alizalia watoto wetu mle. Hebu kadhi anisomee ukurasa wote, nisije nikafukuzwa nusunusu.”

Kadhi, aliyeipenda mno sauti yake, akasoma: “Asiye na nyumba ni mgeni, na mgeni hulala kwa mfalme.”

“Nayo ingali hai?” akauliza Chakupewa.

“Haikufutwa,” akajibu kadhi, na papo hapo akatamani aumeze ulimi wake.

Siku ile ile Chakupewa akahamia jumba la mfalme na mkewe, na watoto, na mama mkwe, na kuku saba, na jogoo asiyejua saa. Mfalme akavumilia siku mbili. Siku ya tatu akasema, “Wahenga walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpeni jembe akalime!” Alidhani fukara yule ataikimbia kazi.

Chakupewa akalipokea jembe kwa mikono miwili. Ikawa mfalme aliporudi kutoka msikitini adhuhuri, akakuta ua wake mzima umepigwa matuta, vijiti vya muhogo vimechomekwa pale pale alipozoea kuketi, na mama mkwe apiga vigelegele.

“Lahaula! Ewe mwendawazimu, nani kakutuma kulima hapa?”

“Bwana wangu alinipa jembe, hakunipa konde. Nami ni mjinga, nikipewa jembe hulima niliposimama. Lakini nadhani ule ukurasa wa kadhi una upande wa pili.”

Kadhi akaugeuza, akasoma: “Ardhi tupu ni ya aliyeilima, wala asitolewe ila kwa ridhaa yake.”

Watu wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Mfalme akautazama muhogo, akamtazama kadhi, mara akaangua kicheko hata kilemba kikamponyoka. “Nimemfukuza mtu kibandani, nami nimefukuzwa uani kwangu! Wallahi, punguani wa mji huu ni mimi, na kadhi ni naibu wangu. Chakupewa, taja ridhaa yako.”

“Kibanda changu, Maulana, na hati yenye muhuri wako kwamba ile ni nyumba. Sitaki zaidi. Nikipewa vingi husahau nilikoviweka.”

Hati ikaandikwa, muhuri ukapigwa. Njiani Mwanaesha akashindwa kujizuia. “Ama kweli nimeolewa na bwege! Ua wa mfalme ulikuwa wako, nawe ukaomba kibanda kinachovuja?”

“Polepole, mke wangu,” akasema Chakupewa, akihimiza mwendo. “Kadhi kasoma ukurasa mmoja tu. Zimebaki mia tatu, na zote zingali hai.”