Karatasi Ukutani kwa Mama Fidélie

Nta iliyokamuliwa asali yake haimfai mlaji. Itafune tangu asubuhi hadi adhuhuri, utachosha mataya tu na mwishowe utaitema. Wazee wetu waliliona hilo, wakasema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Hawakuitukana elimu, la hasha! Walichosema ni kwamba ujuzi uliojaa kichwani, usipoonekana katika matendo ya mtu kwa jirani zake, hauna utamu wowote. Siku hizi tukiona cheti kimetundikwa ukutani tunainamisha vichwa, wala hatuulizi mwenye cheti anaishije na watu. Basi na tuyatazame yaliyompata Mama Fidélie wa Dilala, mjini Kolwezi.

Mama Fidélie alikuwa mjane mzaliwa wa Lubudi, aliyeacha shule akiwa darasa la tatu. Marehemu mumewe alifanya kazi mgodini miaka ishirini na mitano, na alipostaafu aliachiwa nyumba waliyokuwa wakiishi, nyumba ya matofali iliyojengwa na kampuni ya zamani. Hiyo ndiyo mali pekee aliyomwachia mkewe. Humo ndimo mama huyo alimomlea mjukuu wake Mignonne, binti wa miaka kumi aliyefiwa na mama yake angali ananyonya. Bibi alilala chumba cha mbele na mjukuu chumba cha nyuma, kilichopakana na ua wa jirani yao Donatien.

Huyo Donatien alikuwa fahari ya mtaa. Alikulia pale pale, na bukari, yaani ugali, ya Mama Fidélie aliila mara nyingi kuliko ya kwao. Alipotoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa madini, mtaa mzima ulimlaki kwa vigelegele. Akina mama walimmwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi kwa kila aliyefaulu, hadi akaonekana macho tu. Mama Fidélie alimaliza kopo zima. Tangu siku hiyo mhandisi hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa Ingénieur, na alipofungua kinywa hata wazee waliomzidi umri walinyamaza.

Mwaka mmoja baadaye, habari mbaya zilitoka upande mwingine wa mji. Watu walikuwa wamechimba kobalti ndani ya viwanja vyao wenyewe, na nyumba zikadidimia na wenyewe ndani. Wakazi wa mtaa wakakutana, wakaapa kwamba kwao hakuna atakayechimba. Nani aandike makubaliano? Ingénieur, nani mwingine! Akayaandika kwa Kifaransa kilichonyooka, akayasoma kwa sauti ya madaha, watu wakapiga makofi na kutia saini.

Kabla miezi sita haijapita, yeye huyo huyo akazungushia ua wake mabati marefu na kuleta wachimbaji. Alipoulizwa, alisema anachimba shimo la choo. Choo gani hicho kinachotoa magunia ya mawe yanayopakiwa kwenye lori mchana kweupe? Watu waliona, wakanong'ona, kisha wakajifariji kwa neno moja: "Ye alisoma. Anajua kwenye anachimba." Neno hilo liliwalewesha. Kwa mtu mwingine yeyote wangepiga kelele siku ya kwanza.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Mama Fidélie alipokuwa akitandika kitanda cha Mignonne, aliona ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama unywele, ukateremka hadi sakafuni. Akakumbuka somo alilopewa na Donatien mwenyewe, zamani alipokuja likizo akiwa mwaka wa pili chuoni. Kijana alimwambia kwamba ukuta ukipasuka mtu asikisie, bali agundishe karatasi juu ya ufa. Karatasi ikikaa salama, ukuta umetulia. Ikichanika, ardhi inatembea, naye ahame.

Mama akachana ukurasa wa daftari la mjukuu wake na kuugundisha kwa uji mzito wa bukari. Siku ya nne aliukuta umechanika katikati. Akagundisha wa pili, nao haukumaliza siku mbili. Wa tatu aliugundisha jioni, na kulipokucha ulikuwa vipande viwili. Akavibandua vipande vyote, akaenda navyo kwa jirani yake.

Donatien alikuwa amekaa barazani, simu mkononi.

"Ingénieur, mwana wangu, angalia," Mama Fidélie alisema akimwonyesha. "Hii makaratasi yote inapasuka. Ni weye ulinifundishaka. Budongo iko natembea, na mutoto analala mule."

Mhandisi hakuyatazama hata kidogo. "Mama, weye ulisomea géologie wapi? Karatasi na bukari! Nyumba yako ni ya zamani, ni mvua inaiharibu. C'est tout, basi."

"Mvua gani mu mwezi wa sita?"

Swali hilo lilimchoma. Angejibu nini, na kila mtoto wa Kolwezi anajua kwamba mwezi wa sita ni vumbi tupu? Badala ya kujibu, aliingia ndani akaandika barua, akaipiga muhuri wake na kumkabidhi. "Peleka kwa chef de quartier. Nimeandika kila kitu. Uache sasa kusumbua bantu."

Mama wa watu akashukuru. Kifaransa hakukijua, akadhani ameandikiwa msaada. Akapanda pikipiki hadi ofisini kwa Badibanga, mkuu wa mtaa, akamwekea mezani barua upande mmoja na karatasi zilizochanika upande wa pili. Badibanga aliisoma barua, akaugusa muhuri kwa kidole, akakohoa.

"Mama, Ingénieur anaandika ufa ni ya buzee ya nyumba. Hakuna danger. Mi ni nani, nimupinge mutu mwenye alisoma? Enda ulale."

Kisha akazikusanya zile karatasi na kuzitupa katika pipa la taka. Damu ilimchemka Mama Fidélie, na kwa haki kabisa. Mtu alitumia elimu yake kumfunga mdomo mwanamke aliyemlisha, halafu akambebesha yeye mwenyewe uongo huo hadi kwa mkubwa! Usiku ule alimhamishia mjukuu wake chumba cha mbele, akakesha akisikiliza kuta.

Kesho yake asubuhi, Mignonne akiwa shuleni, bibi alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Akatokea mwanamume aliyejaa vumbi jekundu toka kichwani hadi miguuni. Alikuwa Ntambwe, kiongozi wa wachimbaji wa Donatien, mtu aliyetoka Kasai kutafuta riziki na ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya sekondari. Alikuwa akihema.

"Mama, ni weye uko natwanga?"

"Ni mi, tata. Kuko nini?"

"Toka mu nyumba, mama. Leo, si kesho. Nilikuwa mule chini, nikasikia kinu yako juu ya kichwa yangu."

Wachimbaji wa Ntambwe walikuwa na mwiko wao. Ukiwa shimoni ukasikia kinu kikigonga juu yako, ujue umeingia chini ya nyumba ya mtu. Unaweka sururu chini na kurudi ulikotoka, hata kama jiwe lililo mbele yako linang'aa namna gani. Ntambwe alikuwa amekwisha kumwambia mwajiri wake mara mbili kwamba njia yao imepita mpaka wa kiwanja. Mhandisi alimjibu kwamba mshipa wa madini unaelekea huko, tena akamuuliza nani kati yao ana shahada.

"Mawe kule iko nalia," Ntambwe akamalizia. "Nimetosha bantu bangu bote inje ya shimo. Sasa ninakuja kukutosha na weye."

Mama Fidélie hakumuuliza alisoma wapi. Alipiga ukelele, majirani wakaja mbio. Wakaanza kutoa masufuria, viti, sanduku la nguo, picha ya marehemu. Ntambwe alikuwa amebeba kitanda begani wakati Donatien alipotokea, uso umemwiva kwa hasira. Alijua kwamba kelele zile zikifika polisi, shimo lake litafungwa.

"Rudisheni bitu mu nyumba!" alifoka. "Huyu creuseur, muchimba mashimo, anajua nini? Mi ni ingénieur, na mi ninasema nyumba iko solide!"

Aibu gani hii! Watu wakatii. Wanawake wawili waliokuwa wamebeba godoro wakageuka nalo kuelekea mlangoni. Macho yao yalikuwa yameuona ufa ule, ambao sasa kidole kiliingia, lakini masikio yao yalikuwa yamesikia neno "ingénieur". Na hapo ndipo Mignonne alipotokea kutoka shuleni, mkoba mgongoni. Donatien akamshika mkono mbele ya wote.

"Ingia, mutoto. Enda ubadilishe uniforme yako. Bantu baone kama hakuna kitu."

Mama Fidélie aliruka. Alimnyakua mjukuu wake, akasimama mlangoni mikono ameitandaza.

"Hapana! Ingia weye!"



"Unasema iko solide," mama akaendelea, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Mulango ni huu. Enda ukae mu chambre ya huyu mutoto mpaka tumalize kubeba bitu. Kama ni solide, unaogopa nini? Ingia, Donatien!"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile poda, mtu alimwita kwa jina lake. Donatien aliutazama mlango. Akapiga hatua moja, akasita. Akaangalia juu, akaangalia chini, akalowa jasho katika baridi ya kiangazi. Kisha akasema ana réunion, mkutano wa kazi, mjini, tayari amechelewa. Miguu yake ilirudi nyuma kabla hajamaliza kusema. Wale wanawake wawili walitazamana, wakalitoa godoro na kulilaza barabarani. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Saa tisa alasiri chumba cha Mignonne kilianguka. Sakafu ilizama kwanza, ukuta ukafuata, kisha paa likajikunja na kuvuta nyumba yote. Vumbi lilipotulia, mahali pa kitanda cha mtoto palikuwa shimo ambalo hata jiwe likitupwa halikusikika likifika. Mama Fidélie aliketi chini akalia kwa sauti. Jasho la miaka ishirini na mitano la mumewe lilikuwa limemezwa, na mmezaji alikuwa mtoto aliyemlisha kwa mkono wake.

Badibanga alifika na polisi wawili, nao wakamkuta Donatien akipakia gari lake. Walimleta mbele ya kifusi. Mkuu wa mtaa alimuuliza ana nini cha kusema.

"Chef, mi sikujue," alijibu mhandisi, na Kifaransa chake chote kilikuwa kimemkimbia. "Bitu ya chini haionekane. Nani angejua?"

Miaka mitano ya chuo kikuu, na ndilo jibu hilo! Mchimbaji alijua kwa kusikia kinu. Mjane wa darasa la tatu alijua kwa karatasi ya daftari. Watu walianza kupiga kelele, wengine wakiokota matofali, lakini Mama Fidélie akainuka na kuwanyamazisha kwa mkono. Alimsogelea Donatien hadi wakakaribiana nyuso.

"Kama haukujua," aliuliza polepole, "juu ya nini ulikatala kuingia?"

Donatien aligeuza uso asilione shimo. Akainamisha kichwa. Polisi walimshika mkono wakaenda naye. Naye Badibanga, alipotaka kumpa pole mama huyo, aliambiwa aanze kwanza kuwapa pole wanaolala juu ya mashimo mengine yaliyofunikwa kwa barua kama ile.

Usiku ule bibi na mjukuu walilala kwa jirani. Asubuhi, watu wa mtaa ule walimwomba Ntambwe apite nyumba kwa nyumba akawatazamie kuta zao, naye alipita, akigonga sakafu kwa mpini wa sururu na kusikiliza. Mama Fidélie aliikung'uta vumbi sare ya shule, akamvalisha Mignonne na kumfunga vifungo mwenyewe. Mtoto alishangaa.

"Nkambo, unataka niende kusoma tena? Hata kisha ya yale ya Ingénieur?"

"Enda, mama wangu. Usome sana. Lakini siku yenye utajua kitu yenye itaua mutu, uiseme, hata kama ni weye itakulalisha njaa."

Mignonne akaenda shule, na wote waliokuwa wamesimama kando ya lile shimo wakakubaliana kwamba wazee hawakukosea: elimu bila amali ni kama nta bila asali.