Matairi Mapana ya Bwana Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Sema wewe mwenye ngano, sisi tuna masikio tu!"

Haya, yategeni. Hapo kale palikuwa na Pimbi, fundi matairi kando ya njia. Ng'ambo ya bonde, kilimani, alikuwa na kishamba cha viazi vitamu alichoachiwa na marehemu mama yake. Enzi za mama, kilima kizima kililimwa. Digidigi akilima, Nungunungu akilima, jioni wakialikana viazi vya kuchoma. Kiboko naye akila majani ya mtoni, akienda kwa miguu, akichoka anarudi. Pimbi alizikumbuka siku zile mpaka moyo ukamuuma.

Maana Kiboko alinunua gari la porini. Shamba gani tena likawa mbali? Akala la Digidigi, fyu! Digidigi akahama. Akala la Nungunungu, fyu! Nungunungu akahama. Kikabaki cha Pimbi tu, kwa kuwa njia yake ilikuwa tope tupu.

Siku moja, vruuum! Kiboko huyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nifungie matairi ya kupandia kilimani. Nasikia viazi vya mama yako ni vitamu."

Pimbi akacheka, kwa nje tu. Alimjua Kiboko: ukimpa hataki, ukimnyima anapora.

"Chukua haya membamba, Mzee. Yanakata tope mpaka kwenye ardhi ngumu."

"Membamba? Mimi ni mwembamba? Yale je?"

"Yale mapana hayakufai, Mzee. Yatakwaruza madigadi, hayo mabati ya juu ya magurudumu."

"Yakwaruze! Na yale je?"

"Yale mapana zaidi hayakufai kabisa, Mzee. Usukani hautakata kona."

"Nikate kona nimpishe nani? Funga!"

Pimbi akapiga jeki, nyee, nyee, nyee. Akakaza nati, kri, kri, kri. Kiboko akajitazama kwenye rimu mpya zinazong'aa, meno yote nje.

Vruuum! Akateremka. Chini kule, njia ya viazi inakata kulia; mbele ni mto. Kiboko akazungusha usukani. Krrr! Tairi limebana kwenye digadi. Akazungusha tena. Krrr!

"Fundi weee!"

Chubwi!

Pimbi akakimbia mpaka ukingoni. Kiboko akaibuka, pua kwanza.

"Fundi, umeniua!"

"Mzee, si nilikwambia hayakufai?"

Kiboko akapuliza maji puani. Maji yalikuwa baridi, na alikuwa ameyakosa siku nyingi. Akazama tena, taratibu. Gari likabaki huko chini, kambale wakaligeuza nyumba.

Masika yalipoingia, Digidigi alirudi, amezeeka, akaomba marando ya viazi ya kupanda. Pimbi akamkatia fungu.

"Haya ndiyo ya mama?"

"Ndiyo ya mama."

"Na Nungunungu yuko wapi?" Pimbi akamuuliza.

"Alifia ugenini."

Wakainama wakapanda, tuta moja hili, tuta moja lile. Pimbi alifurahi, na alilia pia, maana kilima kilikuwa kikubwa na wao walikuwa wawili tu.

Ngano yangu imefika mwisho wa tuta. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu nirudishieni.

Funzo lake? Ukienda kwa fundi, chagua tairi pana kupita yote, wala usikubali akufundishe. Mnaobisha, nendeni mtoni mkamuulize Kiboko.