Firigisi ya Bi Mwantumu

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana umeme ulikuwa umeshafika Muheza, aliishi Bi Mwantumu, mpishi aliyependa masufuria yake kuliko dhahabu. Shida ilikuwa jiko: halina dirisha, kuta nyeusi tii kwa masizi, na taa moja tu katikati ya dari. Saa sita mchana ungedhani usiku.

Siku mshenga alipomletea posa ya bintiye Semeni, Bi Mwantumu alitia sukari kwenye mchuzi wa kuku akidhani chumvi. Mshenga akatafuna, akameza, akasema "Mashallah," akaomba maji mara tatu. Aibu gani hiyo!

Mumewe akatangaza, "Jumamosi wakwe wanakuja wenyewe. Chakula tutaagiza hotelini."

"Hotelini? Nami nipo hai?" Bi Mwantumu alilia kweli. Kisha akafuta kamasi, akaapa mbele ya nyumba nzima, "Atakayenipa mwanga kabla ya Jumamosi, firigisi ya kuku ni yake!" Watu wakaguna. Katika nyumba ile firigisi haijawahi kumpita baba.

Hela ya taa ya pili hakuna. Jirani yake, Bi Chausiku, alikuja kuomba kaa la moto, akasimama mlangoni, akacheka hadi akashika mbavu. "Mwenzangu, taa iko mgongoni kwako! Unakatia vitunguu kwenye kivuli chako mwenyewe!" Akachukua kaa lake, akaenda zake.

Shemeji yake Mhando, ndugu wa mumewe, akapanda stuli, akaunga waya, akaihamishia taa ileile juu ya meza ya kukatia. Afadhali, lakini masizi yaliumeza mwanga wote. Ndipo Semeni akakoroga chokaa, akapaka kuta mara mbili, akatoka mweupe kama katumbukia kwenye unga.

Wakawasha. Weee! Bi Mwantumu akaiona chumvi. Akaiona sukari. Akamwona hadi mende aliyekuwa mpangaji wake miaka yote! Akacheza chakacha na mwiko mkononi. Mumewe akachungulia, akafuta oda ya hotelini.

Jumamosi, wakwe wako barazani, kuku ameiva, firigisi iko kwenye upawa. Mbele ya Bi Mwantumu sahani tatu, za wadai watatu.

"Nilikuonyesha mimi," akasema Bi Chausiku. "Bila jicho langu ungepika gizani!"

"Jicho lako lilifunga waya?" akadakia Mhando. "Nimepigwa shoti mara mbili, shemeji! Bila mkono wangu ungepika gizani!"

"Taa yako ilimulika masizi, ami," akasema Semeni. "Mie bibi harusi mtarajiwa, viganja vimebabuka! Mama, bila chokaa yangu ungepika gizani!"

Huko barazani baba akakohoa, kikohozi cha kukumbusha.

Bi Mwantumu akaitazama firigisi inavyong'aa. Miaka ishirini na tatu ameipika, hajui hata ladha yake, na mate yamemjaa mdomoni.

Haya, nyie mnaocheka! Firigisi ni moja, ahadi imeshatoka, na wakwe wana njaa. Je, nani alistahili?